Hisani iliyohesabiwa kuwa mapato: kisa cha binti wa bendi ya tano

Kisa hiki ni cha binti mmoja wa pwani ya Kenya aliyeitwa chuo kikuu mwaka 2024, na jinsi hesabu ya ufadhili wake wa serikali ilivyokwenda kombo, akawekwa bendi ya tano, yaani kundi la familia zenye mapato makubwa kuliko zote. Jina, kijiji, chuo na kozi nimeviondoa. Hesabu za familia nimezigeuza kidogo bila kuharibu uwiano wake, na gharama ya kozi nimeifanya shilingi 200,000 kamili kwa mwaka ili msomaji aweze kufuata kwa kichwa. Binti na nyanyake wamekubali niandike.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kila Jumamosi hukaa katika maktaba ya kijiji kuwasaidia watoto waliomaliza kidato cha nne. Katika kisa hiki nimo, na baadhi ya makosa ni yangu.

Familia

Babake alikuwa mvuvi, akafariki binti akiwa darasa la tatu. Mamake alikwenda Saudia mapema 2023 kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, mshahara riyali 1,000 kwa mwezi, yaani takriban shilingi 34,000. Mwezi mzuri hutuma nyumbani 15,000. Kuna miezi hatumi kitu. Binti na wadogo zake wawili wanalelewa na nyanya, mama mzaa mama, ambaye anasuka makuti na kuuza nazi za shamba dogo la marehemu mumewe.

Yuko pia mjomba, kakake mama, karani mjini. Hati yake ya mshahara inasomeka 88,000 kabla ya makato. Akishakatwa kodi na mkopo wa sako, anabaki na 31,000, na ana mke na watoto watano. Ni mtu mwema. Kila sikukuu huwaletea watoto wa dadake nguo, na simu ya binti aliinunua yeye.

Kisha kuna shule. Alipomaliza darasa la nane akiwa miongoni mwa wa kwanza katika eneo lake, wakfu mmoja ulimchukua na kumlipia kila kitu katika shule ya kitaifa ya bweni. Karo iliyowekwa na serikali kwa shule za aina hiyo ilikuwa 53,554 kwa mwaka. Nyanyake hajawahi kuziona pesa hizo pamoja mahali pamoja.

Mfumo ulivyofika hapa

Asiyejua mambo yalikotoka atadhani kosa ni la kompyuta tu. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyedhaminiwa na serikali Kenya alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, na serikali ikavipa vyuo vyenyewe ruzuku. Ruzuku haikuwahi kutosha. Vyuo vikajisaidia kwa wanafunzi wa kujilipia, mpango ulioanza Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1998, na madarasa ya jioni yakajaa. Kisha wizi wa mitihani ukadhibitiwa: mwaka 2015 waliopata C+, alama ya kuingia chuo kikuu, kwenda juu katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, walikuwa 169,492, mwaka uliofuata wakawa 88,929. Wote hao wangeweza kupewa nafasi za serikali, basi wa kujilipia wakapungua ghafla na pesa zao zikaenda nao. Serikali ikaahidi kulipa asilimia 80 ya gharama ya kila kozi, ahadi isiyotimizwa hata mwaka mmoja. Madeni ya vyuo yakapanda: pensheni za wahadhiri, kodi, bima, wenye kuleta chakula.

Tarehe 3 Mei 2023 Rais William Ruto akazindua mfumo mpya. Pesa zitamfuata mwanafunzi badala ya chuo, na kila mwanafunzi atapimwa kulingana na hali ya kwao. Mwaka 2024 makundi yakawa matano, nayo watu wakayaita bendi. Familia yenye mapato yasiyofika 5,995 kwa mwezi inaingia bendi ya kwanza. Yanayozidi 120,000, bendi ya tano. Bendi ya kwanza inapata ufadhili wa bure asilimia 70 ya gharama ya kozi, mkopo 25, na familia inalipa 5. Bendi ya tano ni ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Juu ya hapo kuna mkopo wa kujikimu, 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya kwanza, ukipungua kwa 5,000 kila bendi hadi 40,000.

Wazo lenyewe silipingi. Mtoto wa daktari na mtoto wa msuka makuti kulipa 16,000 ileile haikuwa haki. Ila haki ya mfumo wa namna hii yote imekaa katika kupima, na upimaji ndio uliomwangusha huyu.

Fomu

Alikuja maktaba katikati ya mwaka akiwa na barua yake ya kuitwa chuo. Nilimwambia, "Jaza kila kitu kwa ukweli, na usichelewe." Akaitikia, "Sawa, mwalimu." Basi. Sikumuuliza atamwandika nani kama mlezi, wala sikukaa naye. Siku hiyo kulikuwa na watoto tisa kwenye foleni nami nikamwona ndiye hodari kuliko wote, hana haja ya kushikwa mkono.

Alijaza saiba, duka la intaneti la sokoni. Kijana wa saiba alimwambia mama aliye ng'ambo ataleta usumbufu, aweke mtu mwenye namba ya simu ya hapa nchini na hati ya mshahara. Akamweka mjomba kuwa mlezi, na hati yake ikapigwa picha ikapandishwa. Palipoulizwa mapato ya mama akaandika 34,000, kwa kuwa ndiyo niliyomwambia, ukweli. Palipoulizwa shule ya sekondari na karo, akaandika jina la shule na 53,554. Akalipa shilingi 100 akatoka.

Kila namba aliyoandika ilikuwa kweli. Jumlisha 34,000 na 88,000 upate 122,000, elfu mbili tu juu ya mpaka wa bendi ya tano. Hiyo ni hesabu yangu mwenyewe. Bodi ya mikopo, HELB, haikumwonyesha mwanafunzi jinsi alama zilizompangia bendi zilivyopatikana, na hilo nitalirudia.

Agosti

Majibu yalikuja kwenye simu. Alinionyesha bila kusema neno: bendi ya tano. Ufadhili 60,000, mkopo 60,000, familia 80,000. Nusu ya hizo, yaani 40,000, ilitakiwa ili asajiliwe muhula wa kwanza, na nyumbani palikuwa na 11,000.

Tulikaa barazani kwa nyanya jioni ile: yeye, binti, jirani mmoja mwenyekiti wa chama cha akina mama, na mimi. Mama alikuwa kwenye simu kutoka Riyadh, akinong'ona kwa kuwa waajiri wake walikuwa na wageni. Nyanya alisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja.

"Mwalimu, hao waliosema tuna laki moja na ishirini kila mwezi, wamekuja hapa?"

Nikamwambia hawakuja.

Akainuka, akachukua tochi, akatuongoza shambani. Akatembea mnazi hadi mnazi akigusa kila shina kwa kiganja na kuhesabu kwa sauti. Ishirini na mbili. Akasema ipo minane asiyoweza kuigusa kwa kuwa ndiyo inayowalisha, iliyobaki inaweza kuwekwa rehani. Kwetu rehani ya mnazi ni hivi: unapewa pesa, na mkopeshaji anakwea na kuangua nazi kwa faida yake hadi siku utakayorudisha pesa yote. Kuna minazi iliyokaa rehani vizazi viwili.

Tuliamua nini, na kwa nini

Njia zilikuwa nne. Ya kwanza, kuahirisha mwaka mmoja. Binti mwenyewe aliitaka hii ili akafanye kazi hotelini. Nilipinga kwa sababu nimeona wengi wakiahirisha kwa pesa na hawarudi, na wasichana zaidi, kwa kuwa mwaka mmoja nyumbani posa hazikosi. Ya pili, kuomba kozi ya diploma katika chuo cha ufundi karibu na kwao. Hiyo ni njia nzuri na nimewapeleka wengi, lakini yeye alikuwa na B+ na kozi aliyoitamani tangu kidato cha pili. Kumshusha kwa sababu ya kosa la fomu niliona ni kulikubali kosa. Ya tatu, kuweka rehani minazi yote kumi na minne mara moja na kulipa. Ya nne, kwenda kujisajili kwa pesa pungufu, kukata rufaa, na kugusa minazi mwisho kabisa.

Tulichagua ya nne. Mama aliomba mshahara wa mbele akapewa, akatuma 13,000. Chama kikatoa 4,000. Pamoja na zile 11,000 zikafika 28,000. Mjomba alipopata habari kwamba hati yake ndiyo iliyotumika alishtuka, akaapa angesema mapema kama angeulizwa.

Niliandamana na binti hadi chuoni, safari ya usiku kucha. Hili nalisema kwa sababu lilikuwa na maana kuliko barua zote. Dirishani pa kulipia karo aliambiwa hawezi kusajiliwa. Tukaomba kumwona afisa wa fedha. Tulingoja saa tano. Alipotusikiliza alitoa hati ya ahadi ya malipo iliyochapishwa tayari, maana hatukuwa wa kwanza: 25,000 sasa, 15,000 kabla ya mitihani. Hati hiyo haikutajwa popote katika barua ya kuitwa chuo. Shilingi 3,000 zilizobaki zilinunua godoro, na bodaboda wa kulibeba.

Rufaa

Hapa ndipo nilipoharibu. Mwisho wa Agosti niliandika barua ya kurasa tatu kwa bodi ya mikopo, HELB. Nilieleza ujane, ughaibuni, minazi na machozi ya nyanya. Niliiandika kwa moyo wote nikaituma kwa barua pepe. Hapakuwa na jibu, na katikati ya Septemba nikagundua kwamba rufaa hupitia kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe mtandaoni, pamoja na viambatisho. Barua yangu haikuwa rufaa. Wiki tatu zilipotea, na zilikuwa zangu.

Rufaa ya pili ilikuwa na aya moja ya maelezo na karatasi tano: cheti cha kifo cha baba, nakala ya mkataba wa mama unaoonyesha mshahara na tarehe ya kuisha, barua ya chifu inayosema watoto wanaishi na nyanya na nani anawalisha, tamko la mjomba kwamba si mlezi, likiwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake watano, na barua ya wakfu inayosema ndio uliolipa karo ya sekondari yote, kidato cha kwanza hadi cha nne. Barua ya wakfu ilichukua siku mbili kupatikana. Ya chifu ilichukua kumi na moja.

Wakati huohuo nchi nzima ilikuwa ikilalamika, wanafunzi wakitangaza mgomo, na Rais akaunda kamati ya watu 129 kuuchunguza mfumo. Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akatamka kwamba mfumo unakiuka katiba. Binti alinipigia usiku ule akiwa na hofu: je, ufadhili wake umefutwa, sasa anadaiwa zote? Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo na mfumo ukaendelea. Katikati ya hayo yote hakuna aliyewatumia wanafunzi hata ujumbe mfupi wa kuwaambia karo yao imesimama wapi.

Matokeo

Mkopo wa kujikimu wa muhula wa kwanza ulifika wiki ya tisa. Kabla ya hapo walikuwa wasichana wanne katika chumba cha mmoja, wakipika zamu kwa zamu. Novemba, salio la 15,000 likiwa linadaiwa na mitihani imekaribia, nyanya aliweka rehani minazi sita kwa 12,000. Mjomba akaongeza 3,000. Alifanya mitihani yote.

Februari 2025 rufaa ilijibiwa. Alihamishwa hadi bendi ya tatu: ufadhili 100,000, mkopo 60,000, familia 40,000. Kwa kuwa familia ilikuwa imekwisha kulipa 40,000, muhula wa pili hakudaiwa kitu. Amepita mwaka wa kwanza bila kurudia somo.

Kwa mapato halisi yanayoingia nyumba ile, kwa hesabu yangu, alistahili bendi ya pili, ambayo familia ingelipa 20,000. Kwa hiyo hata rufaa iliyofanikiwa haikufika.

Uchambuzi

Kosa kuu halikuwa la mtu mmoja, nalo liko katika neno familia. Fomu ilitaka kujua nani ana pesa karibu na mtoto huyu. Ilipaswa kutaka kujua nani ana wajibu. Kwetu mjomba husaidia, naye husaidia kwa hiari, na siku mwanawe akiugua msaada unakoma bila lawama. Wakfu vilevile. Mfumo ulichukua wema wa watu wawili waliomwonea huruma mtoto huyu ukauandika kama utajiri wake. Nimeona jambo hilohilo kwa watoto wengine watatu wa hapa waliosomeshwa na wafadhili: kadiri mtoto alivyosaidiwa zaidi zamani, ndivyo alivyoonekana tajiri zaidi mwaka 2024. Kisanduku kimoja tu, *nani alilipa*, kikisomwa kwa uzito, kingeokoa mengi.

La pili ni muda. Mshahara wa Riyadh ulikuwa wa miaka miwili, na kozi ni ya miaka minne. Picha iliyopigwa mwezi mmoja wa 2024 ilitakiwa kueleza hali hadi 2028. Mkataba wa mama umekwisha, amerudi, na mapato hayo sasa ni sifuri. Familia nyingi za pwani zinaishi hivi: mwaka huu mtu yuko Ghuba, mwaka ujao yuko nyumbani, msimu wa watalii kazi ipo, msimu wa mvua haipo. Anayelipwa kila mwezi anapimika, asiyelipwa kila mwezi anakisiwa.

La tatu ni deni, na hili sikulifahamu hadi nilipokaa na kalamu. Kwa kozi ya 200,000 na miaka minne, mwanafunzi wa bendi ya tano akikopa zote anamaliza na deni la 400,000. Wa bendi ya tatu, 440,000. Wa bendi ya pili, 460,000, maana mkopo wa kujikimu wa maskini ni mkubwa zaidi. Hapo riba ya asilimia 4 kwa mwaka haijahesabiwa, wala faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi kwa anayeshindwa kulipa. Mwenye uwezo anaweza kuukataa mkopo akalipa mwenyewe. Tuliposhinda rufaa tuliipunguzia familia mzigo wa leo na kumwongezea binti 40,000 za kesho. Bado ningekata rufaa, lakini ningemwambia hivyo mapema, naye ana haki ya kujua kabla ya kutia sahihi.

Kilichofaa? Karatasi zilifaa, hasa barua ya wakfu na tamko la mjomba, kwa kuwa zilijibu kile hasa kilichomwinua hadi bendi ya tano. Kwenda chuoni ana kwa ana kulifaa. Kutogusa minazi yote kulifaa pia, maana tungeipoteza kumi na minne kwa deni ambalo baadaye lilipunguzwa kwa nusu. Chama cha akina mama, kwa 4,000 zake, kilimpa godoro na nauli.

Kilichoharibika ni kwamba mtoto wa miaka kumi na minane aliachwa na kijana wa saiba kuamua nani ni mlezi wake kisheria. Shule aliyotoka haikumfundisha fomu hiyo hata kipindi kimoja. Mimi nilimwambia aseme ukweli bila kumwambia ukweli upi unaulizwa. Na bodi kutoonyesha alama kulitufanya tukate rufaa gizani. Tulikisia kilichomwangusha, tukabahatika. Daktari humwonyesha mgonjwa majibu ya maabara. Mtoto anayeambiwa kwao ni matajiri anastahili angalau hilo.

Tunachofanya sasa maktabani

Hatujazi tena fomu na mwanafunzi peke yake. Anakuja na anayeishi naye, tunaanza na karatasi tupu: nani analala nyumba hii, nani analipa unga, pesa za mwaka jana zilitoka wapi na za mwaka ujao zitatoka wapi. Nani alilipa karo ya sekondari, na barua yake iko wapi. Barua ya chifu tunaiomba mapema, kabla matokeo hayajatoka. Kisha ndipo tunafungua simu. Inachukua saa moja na nusu kwa kila mtoto, na Jumamosi hazitoshi.

Binti anajiandaa kwa mwaka wa pili. Minazi miwili kati ya sita imekombolewa kwa akiba ya mwisho ya mama. Tunataka kuomba apimwe upya kwa kuwa mapato ya Riyadh hayapo tena, na safari hii ombi litapitia akaunti yake. Nakala ya ukurasa wa pasipoti ya mama wenye muhuri wa kuingia nchini iko tayari kwenye bahasha.